Wanapigania nini kule Meksiko, na bangi inaingiaje hapo

Juzi jioni pale Ujiji kwenye kahawa ubishi uliwaka kwa sababu ya video moja kwenye simu ya mtu, ile ya Culiacán, mji wa jimbo la Sinaloa huko Meksiko, ya Oktoba 2019, ni ya zamani lakini bado inazunguka. Malori yanaungua katikati ya barabara, watu wenye bunduki kubwa wamesimama juu ya pikapu mchana kweupe, watu wanakimbia na watoto mgongoni, na wanaorudi nyuma ni wanajeshi wa serikali. Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, akaiangalia mpaka mwisho alafu akauliza, "Sasa hawa wote wanapigania nini?"

Kijana wa bodaboda akamjibu haraka, "Bangi hiyo baba. Ikihalalishwa yote hayo yanaisha." Mwingine akadakia hapana, ikihalalishwa ndo na sisi tutakuwa hivohivo. Kijiwe kikagawanyika mara mbili, kahawa ikapoa, na mpaka watu wanaondoka kuswali swali la mzee lilikuwa halijajibiwa.

Mi naona wote wawili walikosea, na walikosea kwa sababu moja, wamechukua vitu viwili wakavifunga kwenye fundo moja. Kuna swali la bangi, nani aivute, nani aiuze, nani afungwe. Na kuna swali la yale makundi ya Meksiko yanayoitwa makateli, kwa nini yanaua watu kiasi kile. Yanagusana ndio, ila jibu la moja sio jibu la lingine.

Tuanze na kitu cha hapa nyumbani. Mama yangu mdogo anauza dagaa, anachukua mzigo mwaloni Kibirizi anausafirisha kwa reli. Ana daftari lake la gamba gumu, majina yameandikwa kwa peni ya bluu, aliyelipa anapigwa mstari, ambaye hajalipa anabaki vilevile. Mwaka juzi kuna bwana mmoja alichukua magunia akapotea, simu hapokei. Mama mdogo akabeba daftari akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, jamaa akaitwa, akazungushazunguka, mwisho akaambiwa asipolipa wanaenda mahakama ya mwanzo, akalipa kwa awamu tatu. Basi. Hakuna aliyepigwa hata kofi.

Sasa chukua mzigo uleule ila weka bangi badala ya dagaa. Lile daftari unalipeleka kwa nani? Ukienda kwa mwenyekiti umejishtaki mwenyewe. Kwaiyo unabaki na njia mbili tu, ukubali hasara na kesho kila mtu ajue kwamba wewe unadhulumika, au utafute watu wa kwenda kumtisha, na kitisho ambacho hakijawahi kutimizwa hakimtishi mtu, itafika siku utalazimika kutimiza. Hapo ndo ukatili unapozaliwa, kwenye biashara yenye hela nyingi ambayo haina hakimu. Marekani walipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 mpaka 1933 watu walikuwa wanauana Chicago kwa ajili ya bia na gongo, na leo hakuna anayeua mtu kwa sababu ya kreti la bia.

Na ile hela nyingi yenyewe inatokana na hatari. Wakati Ziwa Tanganyika linafungwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, sote tuliona bei ya dagaa ilivyoruka, na dagaa ni walewale, hawajageuka dhahabu. Wazee wa hapa wanakumbuka pia 1983, ile kampeni ya Sokoine ya wahujumu uchumi, sabuni na sukari zilivyokuwa zinauzwa kwa kificho kwa bei ya mlanguzi. Kitu kikiwa adimu au marufuku, mteja anamlipia muuzaji hatari yake. Majani ya bangi yanaota kama magugu, gharama yake kubwa ni kwamba kila aliyeyashika njiani anaweza kufungwa, na yule aliye tayari kuua ndiye anayeibeba hatari hiyo kwa urahisi zaidi.

Kwaiyo kijana wa bodaboda alikuwa na hoja. Kama marufuku ndo yanaleta ukatili, ondoa marufuku. Lakini kama ingekuwa hivo tu, basi kila penye bangi marufuku pangekuwa na vita, na sivyo. Sisi bangi ni marufuku miaka yote na hatuna Culiacán. Meksiko kwenyewe wakulima wa milima ya Sinaloa walikuwa wanalima bangi na ile mipopi ya kutengenezea heroini miongo mingi bila mauaji ya namna ile. Kuna kitu kiliongezeka, na hapa ndo pa kukaa kidogo.

Miaka ya 80 biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa kundi moja lenye makao Guadalajara, kiongozi wake Miguel Ángel Félix Gallardo, aliyewahi kuwa polisi. Bangi yao ilikuwa sio ya vichochoroni. Novemba 1984 jeshi liliingia kwenye shamba linaitwa Rancho Búfalo, jimbo la Chihuahua, wakakuta bangi ya maelfu ya tani na maelfu ya vibarua wanaoichuma na kuikausha. Miezi michache baadae, Februari 1985, afisa wa Marekani wa kupambana na dawa za kulevya, Enrique Camarena, akatekwa Guadalajara, akateswa, akauawa. Marekani ikabana kwa nguvu zote, na Félix Gallardo akakamatwa 1989. Njia zake zikagawanywa, Tijuana kwa hawa, Juárez kwa wale, Sinaloa kwa kina Joaquín Guzmán anayeitwa El Chapo.

Wakati huohuo kokeini ya Kolombia ilikuwa imebanwa njia ya baharini kuelekea Florida, ikahamia nchi kavu, ikapita Meksiko. Hapa mi ndo nilielewa mambo. Kule kuna neno, plaza, maana yake ni mji au kipande cha mpaka ambacho kundi fulani limekishika, na kila anayepitisha kitu hapo analipa. Kumbe kinachogombewa ni njia, bangi au kokeini ni mzigo tu. Sisi watu wa mpakani hii hatuhitaji kufundishwa, anayejua njia ya panya hajali leo anapitisha vitenge au mafuta au sukari, yeye anauza njia, na mwenye njia haumii mzigo mmoja ukihalalishwa kesho, anabadilisha mzigo.

Alafu serikali yenyewe. Chama cha PRI kilitawala Meksiko miaka 71 mfululizo mpaka 2000, na katika miaka ile wakubwa wengi wa polisi na siasa walikuwa na maelewano na wenye plaza, wanakula pamoja ila wanawaambia msimwage damu hadharani. Vyama vilipoanza kupokezana madaraka maelewano yale yakavunjika, gavana wa chama hiki, meya wa kile, hakuna tena mmoja anayeweza kuahidi chochote. Kundi lingine, linaloitwa Kateli ya Ghuba, likachukua askari waliotoroka kikosi maalumu cha jeshi likawafanya walinzi wake, hao ndo Los Zetas, na kuanzia hapo vita ikawa ya kijeshi kweli, na bunduki nyingi zikinunuliwa madukani upande wa Marekani na kuvushwa kusini.

Desemba 2006 rais mpya Felipe Calderón akatuma wanajeshi Michoacán, alafu na majimbo mengine. Mpango ulikuwa kukamata vigogo mmojammoja. Na waliwakamata kweli, wengine wakauawa, ila kila kigogo aliyeanguka aliacha kiti, na kiti kikagombewa na vijana watano wenye bunduki, kundi moja likawa matatu, matatu yakawa tisa. Mji wa Ciudad Juárez, wenye watu kama milioni moja na laki tatu, mwaka 2010 peke yake waliuawa zaidi ya 3,000. Mwaka huohuo, Agosti, wahamiaji 72, masikini wanaotafuta maisha Marekani, walikutwa wameuawa kwenye banda huko San Fernando. Septemba 2014 wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa walichukuliwa Iguala usiku, na waliowachukua ni pamoja na polisi. Watu ambao hawajulikani walipo wamepita 100,000 kwenye rejista ya serikali yenyewe. Kuna wamama kule wanakwenda porini na fimbo ya chuma, wanachoma ardhini, wanaichomoa, wanainusa ncha, kama kuna harufu ya maiti wanachimba. Wanatafuta watoto wao hivo, kwa pua. Mi nikisoma hayo nashindwa kuendelea kubishana habari za msokoto.

Sasa tuje kwenye jaribio lenyewe, maana hili limeshajaribiwa, hatuna haja ya kubahatisha. Mwaka 2010 California walipokuwa wanaelekea kupiga kura ya bangi, watu wengi walikuwa wanasema asilimia 60 ya hela ya makateli inatoka kwenye bangi, kwaiyo ukihalalisha umewamaliza. Watafiti wa taasisi ya RAND wakakaa chini wakapiga hesabu upya, wakapata kati ya asilimia 15 na 26. Ni hela nyingi bado ila sio uti wa mgongo. Kura ile ilishindwa, lakini Novemba 2012 majimbo ya Colorado na Washington yakapitisha, maduka ya Colorado yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014, California wenyewe wakaruhusu uuzaji kuanzia Januari 2018, na Kanada nchi nzima Oktoba 2018.

Na bangi ya Meksiko ilikufa soko kweli, kwa hilo kijana wa bodaboda apewe haki yake. Mizigo ya bangi inayokamatwa mpakani ikapungua mwaka hadi mwaka, maana mvutaji wa Denver huko Colorado ana duka mtaani kwake, anunue ya nini bangi iliyobanwa kama tofali na kusafirishwa kwenye tairi la akiba. Wakulima wa Badiraguato, huko milimani alikozaliwa El Chapo, wakaona bei inaporomoka, wakang'oa bangi wakapanda mipopi. Miaka michache tena ikaja fentanili, dawa kali ya kulevya ambayo haihitaji shamba wala mvua, unaitengeneza ndani kwa kemikali zinazoingia kwa meli kutoka Asia, kidogo kama punje za chumvi kinatosha kuua mtu, na mzigo wa mamilioni ya dola unaenea kwenye begi. Bei ya mipopi nayo ikaanguka, wakulima wakaachwa mikono mitupu. Mnyororo mzima ukabadilika lakini mwenye plaza yuko palepale. Marekani waliokufa kwa kuzidisha dawa walipita 100,000 kwa mwaka kuanzia 2021 mpaka 2023, na fentanili ndo iliyobeba sehemu kubwa.

Na mauaji Meksiko hayakushuka bangi ilipohalalishwa ng'ambo, yalipanda, kuanzia 2018 wakapita 30,000 kwa mwaka na wakakaa hapo miaka mfululizo. Makundi yakaongeza biashara, wanawatoza wakulima wa parachichi Michoacán na wa ndimu, wanaiba mafuta kwa kutoboa mabomba, wanateka wahamiaji. Parachichi ni halali tangu dunia iumbwe, na bado mkulima wake analipa ili asiuawe. Hapo nadhani swali la mzee limejibika, wanapigania haki ya kutoza kila kinachopita na kila kinachoota kwenye eneo lao, yani wanapigania kazi ya serikali.

Uruguay nayo inafundisha. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuhalalisha, Desemba 2013, na iliingia taratibu, unajiandikisha alafu unachagua, upande miche yako sita nyumbani, au uingie klabu ya wakulima, au ununue famasi, na famasi zilianza kuuza Julai 2017. Mpango mzuri tu na nchi haikuharibika, lakini mwaka 2018 mauaji yalipanda, na bandari ya Montevideo ilishakuwa njia ya kokeini ya kwenda Ulaya. Bangi halali haikuleta ukatili ule na wala haikuuzuia.

Alafu kuna maneno matatu ambayo kijiweni tunayachanganya kila siku. Kuhalalisha ni duka, leseni, kodi, kama bia. Kuondoa jinai ni kitu kingine, Ureno walifanya hivo 2001 kwa dawa zote, ukikutwa na kiasi cha matumizi yako hupelekwi jela, unapelekwa kwenye kamati inayozungumza na wewe habari za matibabu, lakini muuzaji anafungwa kama kawaida. Na kuna bangi ya dawa na ya viwandani, hiyo ndo waliyoruhusu Lesotho 2017 na Malawi 2020, mvutaji wa mtaani haimuhusu kabisa. Mtu akikwambia Malawi wamehalalisha bangi muulize ipi. Lesotho wakulima waliolima vizazi na vizazi wamebaki nje ya uzio kwa sababu leseni ni ya bei ambayo mkulima wa kawaida hawezi, wenye mitaji kutoka nje ndo walioingia. Ndugu zetu wa Tabora wanaolima tumbaku wanajua zao lenye mnunuzi mkubwa linavyoweza kumwacha mkulima na deni la mbolea, kwaiyo wanaosema bangi itamkomboa mkulima wangeenda kwanza Urambo wakasikilize. Kenya mwaka 2022 Profesa Wajackoyah aligombea urais kwa sera ya bangi, watu walijaa mikutanoni, kura hakufika hata asilimia moja.

Afrika Kusini walikwenda kwa njia ya mahakama, Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ikasema mtu mzima kuvuta na kupanda kwake faragha sio kosa, sheria yake ikasainiwa Mei 2024, kuuza bado hapana. Mi njia hii na ile ya Ureno ndo zinanivutia, na nitasema kwa nini.

Kwetu sheria ni ile ya 2015, imeshafanyiwa marekebisho, na kulima bangi kifungo chake kinafika miaka 30. Kuna mama mmoja jirani yetu huku Mwanga ya hapa Kigoma, anauza mawese, chupa zimepangwa mezani kwa saizi, kubwa nyuma ndogo mbele. Mtoto wake wa pili alikamatwa na kete mbili mfukoni, kijana wa miaka 19, fundi gereji. Akahukumiwa faini au jela, faini haikupatikana kwa wakati, akaenda. Siku ile ya hukumu mama yake alikuwa amefunga hela kwenye pindo la kanga, nilimwona anaifungua na kuihesabu mara tatu pale nje kwenye benchi, kama vile ikihesabiwa tena itaongezeka. Kijana alirudi baada ya miezi kadhaa, gereji nafasi yake ilishachukuliwa, na watu aliojuana nao ndani wana mambo makubwa kuliko kete. Mwenzake waliyekamatwa naye siku ileile, mwenye ndugu wa kumlipia, alirudi nyumbani jioni ileile akala ugali kwao.

Sisemi bangi ni mchicha. Kijana anayeanza mapema na kuvuta kila siku, hasa hii skanka kali, anaweza kuharibikiwa akili, madaktari wanasema na mitaani tunaona. Kwaiyo mi duka la bangi hapa Kigoma sitaki. Ila kumfunga mtu wa kete mbili hakumtibu yeye na hakumzuii mwenye mzigo, na ninaamini kabisa kwamba kosa lile lingetakiwa kuishia kwa daktari na mzazi.

Na kama tunaogopa Meksiko, basi tutazame kinachofanana na Meksiko. Pwani yetu ni njia ya heroini inayotoka upande wa Afghanistan kwa majahazi. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza imekamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar na Iringa. Hiyo ndo plaza inavyoanza, mzigo mkubwa unaopita na mtu mmoja wa serikali anayeamua kutoona. Msako ukielekezwa huko mi naunga mkono kwa mikono miwili. Muhimbili pale tangu 2011 wanatoa methadoni, dawa ya kuwasaidia mateja waache unga, nimemfahamu mtu aliyesimama tena kwa ile dawa, sasa anashona viatu na ana mke.

Jana nilimkuta yule mzee peke yake, nikamsalimia shikamoo, nikakaa, nikamweleza habari za plaza na parachichi, na kwamba siku ile ya video walikuwa wanamgombania mtu mmoja. Akasikiliza mpaka mwisho kisha akauliza yule mtu waliyekuwa wanamgombania kwenye video aliishia wapi. Nikamwambia ni Ovidio, mtoto wa El Chapo, siku ile alikamatwa na baada ya masaa machache serikali ikamwachia kwa kuogopa mji kuteketea, Januari 2023 akakamatwa tena, akapelekwa Marekani, na Julai 2025 amekiri makosa mahakamani Chicago.

"Kwaiyo mji umetulia."

Nikamwambia hapana baba, tangu Septemba 2024 ndugu zake wanapigana na watu wa rafiki wa zamani wa baba yao, Culiacán palepale. Mzee akageuza kikombe chake chini juu kwenye sinia, akamlipa muuza kahawa na ya kwangu.